Masikio ya Semina

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nikachoka, lakini siku yenyewe wala sikucheka, siku yenyewe niliomba ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu, na kwa jinsi ardhi ya kule ilivyokauka, kupasuka ingepasuka tu, ilikosa nia. Aibu hii nimekaa nayo tangu miaka ya tisini. Nimemficha mume wangu, nimewaficha wanangu, nimemficha hata dada yangu ambaye huwa hafichiki, na leo naitoa kwa sababu huyu shoga yangu hapa amenichokoza kwa kusema mbele za watu eti Mkawasi ni msikilizaji mzuri.

Msikilizaji mzuri! Haya, vuteni viti.

Wakati huo nilikuwa binti mwembamba (msinitazame hivyo, nilikuwa mwembamba), nimetoka Voi na cheti changu cha ushauri nasaha hata wino haujakauka vizuri, shirika moja likaniajiri kwenda kufanya kazi na watoto wa wakimbizi wa Kisomali kwenye kambi za upande wa Dadaab. Kabla ya kupelekwa huko tukawekwa kwanza Garissa kwa semina, katika hoteli ambayo feni yake ilikuwa inachukua joto kutoka pembe hii na kulipeleka pembe ile, ili tufundishwe namna ya kumsaidia mtoto mwepesi wa kuhisi bila kukanyaga utamaduni wa wazazi wake. Mwezeshaji alikuwa bwana mmoja wa Nairobi mwenye shati jeupe, ambaye baadaye nilikuja kujua kwamba kambini hajawahi kutia mguu, aliogopa barabara. Lakini alijua mambo! Usimpe mwanamume mkono. Usimsifu mtoto bila kutanguliza mashallah. Mwenye kosa usimtaje mbele za watu, zunguka, zungumza kwa mafumbo, pitia kwa wazee. Masikio kwa Kisomali ni dhego, akasema, na kazi yenu ninyi ni kuwa masikio. Kisha akatupa ile kanuni iliyoniponza.

"Msomali akizungumza Kiswahili," akasema, "P yake huwa B, na V yake huwa F. Kwa hiyo mkisikia B, rudisheni P. Mkisikia F, rudisheni V. Huko ndiko kumheshimu mtu."

Nikaikariri njia nzima mpaka kambini. Ambacho yule bwana hakutuambia ni kwamba Wasomali nao wana B zao wenyewe.

Kambini nilipokelewa vizuri kupita kiasi. Wiki chache tu, kina mama wakanipa jina: Dhegoole. Nikipita naitwa, "Dhegoole! Dhegoole!", watoto wananifuata nyuma wakiliimba, wazee wanatabasamu. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Si nilishafundishwa, dhego ni masikio? Basi Dhegoole ni mwenye masikio, msikilizaji, mshauri. Nilivimba kichwa, jamani. Nilikuwa nikijitambulisha kwa jina hilo hata kwa wageni, na kila nikijitambulisha watu walicheka kwa furaha, nami nikazidi kuona jinsi ninavyopendwa.

Sasa pale shuleni kulikuwa na mtoto anaitwa Hamdi, wa miaka kama minane, ambaye ndiye hasa aliyefanya niletwe. Hamdi alikuwa mtoto wa namna yake. Mwalimu akimkemea mtoto mwingine, anayelia ni Hamdi. Mbuzi akifungwa kamba fupi, Hamdi hali chakula. Na kila asubuhi, masomo yakianza tu, alikuwa anaziba masikio kwa viganja, anainamisha kichwa juu ya magoti na kulia bila sauti, mpaka darasa zima linaanza kulia naye bila kujua linalilia nini. Halafu akaacha kuzungumza kabisa. Mwalimu mkuu akaniambia wazi: nje kuna watoto tele wanaosubiri nafasi, mkutano wa wazazi unakuja, ukifika na hujapata dawa ya huyu mtoto, atarudi nyumbani na nafasi yake atapewa mwingine. Mama yake akaja kwangu ameshika pembe ya shungi lake kwa mikono miwili. Akasema maneno manne tu: "Mwalimu, mtoto yangu asome." Nikamwahidi. Niliapa kabisa, wallahi, kama nimezaliwa kule.

Nilikuwa na kijichumba cha mabati pembeni mwa shule cha kuzungumzia na watoto. Tatizo lake moja, dirisha lilitazama mahali ambapo watu walikuwa wanateka maji, na asubuhi kelele za mitungi na matusi zilikuwa hazisemeki. Kwa hiyo kila nikimleta Hamdi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufunga dirisha, ili nipate kuongea. (Shikeni hapo hapo penye dirisha.) Nikishalifunga naongea, naongea, namweleza Hamdi kuhusu hisia na jinsi zinavyopita kama mawingu, katika nchi ambayo mtoto hajaona wingu tangu mwaka uanze. Hamdi ananitazama tu.

Tulikuwa na mkalimani, Mzee Bare, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu za hina, na hapa ndipo palipo na ule uamuzi wangu mdogo ulioleta yote. Mzee Bare alikuwa ananikera. Mimi naongea dakika nzima na zaidi, maneno mazuri ya semina, "mama, ningependa ujihisi huru kunieleza bila hofu wala shinikizo yale ambayo moyo wako…", namaliza nimeshikwa na kikohozi, yeye anamgeukia mama wa watu anasema neno moja. Moja! Mama naye anajibu maneno mengi kama mvua, Mzee Bare ananigeukia: "Anasema hajui." Nikaona huyu anayala maneno njiani. Basi siku mama Hamdi alipokuja nikamwambia Mzee Bare, "Leo pumzika, mzee wangu. Leo tutazungumza mama na mama." (Mimi mama wa nani wakati huo? Hata mchumba sikuwa naye.)

Mzee Bare akaniuliza, "Una uhakika, mama?"

"Nina masikio," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, akachukua bakora yake akaenda kunywa chai.

Mama Hamdi alikuwa na Kiswahili alichokiokota sokoni, kinatosha kabisa, akakaa, akavuta pumzi, akaanza.

"Mwalimu, huyu mtoto moyo yake mwebesi. Mtu akitukanwa, yeye ndio analia. Sababu ni bomba. Baba yake asubuhi bombani, mchana bombani, jioni bombani."

Mnaona? B, rudisha P. Nikarudisha. Pombani, hapana, pombeni! Asubuhi pombeni, jioni pombeni! Moyo ukanipasuka. (Msiniulize kama sikujua bomba ni nini. Sisi Voi maji yanatoka mferejini, bomba ni ile ya kupulizia dawa ya mbu.) Nikamshika mkono, nikamwambia endelea dada yangu, nakusikia.

"Watu wanamtukana, yeye kimya. Juzi wamembiga."

Wamempiga. Kanuni inafanya kazi! "Na anaanza mapema hivyo?" nikauliza.

"Kabla ya alfajiri. Yeye na wenzake wawili, wanafungua bamoja."

Wanafungua pamoja. Nikaziona chupa.

"Jioni anarudi, mguu hii inaenda huku, hii inaenda huku, anaanguka kwa mkeka. Nguo yake inanuka, kila siku mimi nafua."

F, rudisha V. Kila siku mimi navua! Maskini mwanamke wa watu, kila jioni anamvua nguo mume aliyeanguka hajijui. Machozi yakanitoka. Akaniangalia kwa mshangao kidogo, nadhani hakutegemea mtu alie kwa sababu ya kufua.

"Mimi nimemwambia, wacha hii kitu, mtoto anaumia. Anasema akiwacha bomba tutakula nini?"

Nikajisemea moyoni, hiyo ndiyo akili ya mlevi.

Basi siku ya mkutano wa wazazi ilipofika nilikuwa nimejiandaa. Sikulala nikifikiria namna ya kulisema jambo zito kama lile kwa Waislamu bila kumvunjia mtu heshima, maana kule kumwita mtu mlevi si utani, ni kumvua utu wake, na hata ndugu zake wataona haya. Nikapanga kila kitu kwa mujibu wa semina. Sitamtaja mtu. Nitasema kwa mafumbo. Nitapitia kwa sheikh, ambaye alikubali kukaa mbele na kuwageuzia kwa Kisomali wale wasioelewa. Na lile neno lenyewe, kwa heshima, nitalilainisha kwa lafudhi yao, nitaliita "bombe". (Eti kwa heshima!)

Turubai lilikuwa limejaa, kina mama upande huu, wanaume upande ule, Mzee Bare nyuma kabisa na kikombe chake cha chai, hakuna aliyemwita. Baba Hamdi alikuwa amekaa mwisho wa safu ya wanaume, mtu mrefu mwembamba, macho mekundu (nikatikisa kichwa), na Hamdi alikuwa amekaa mchangani karibu na magoti yake. Nikasimama.

"Assalamu alaikum. Wengi mnanijua. Mimi ndiye Dhegoole wenu!"

Turubai zima lilivunjika mbavu. Nikapungia mkono, nikasubiri upendo utulie.

"Kuna nyumba moja hapa, sitaitaja. Mtoto wa nyumba hiyo anateseka, na sababu yake ni bombe."

"Bomba?" sheikh akauliza.

"Hiyo hiyo, sheikh."

"Haa. Kweli kabisa," akasema, akawageuzia watu, na kina mama wote wakatikisa vichwa kwamba ni kweli. Nikapata nguvu.

"Baba wa nyumba hiyo anashinda huko kutwa nzima."

Vichwa vyote vikageuka kumtazama baba Hamdi. Kumbe mafumbo yangu yalikuwa na anwani. Na yeye, badala ya kukana, akaweka mkono kifuani akainamisha kichwa kwa adabu. Amekubali! Mbele za watu! Hata kwenye semina tuliambiwa hilo huchukua miezi.

"Hongera, ndugu yangu," nikamwambia kwa sauti inayotetemeka. "Sasa, kwa ajili ya mtoto, unaweza kuacha?"

Sheikh hakufasiri. Alinigeukia. "Kuacha? Mwalimu, akiacha nani atatuletea?"

"Kumbe anawaletea?"

"Kila siku. Kambi yote."

Mama mmoja akanyanyua mkono kwa hasira. "Lakini anatubunguzia! Jana mimi nimebata mtungi moja tu!"

Mtungi mmoja tu! Nikaanza kutokwa na jasho, na si la jua. "Na watoto?" nikauliza, sauti imebaki nusu. "Watoto pia?"

"Watoto ndio kwanza," sheikh akasema. "Jua hii, mtoto akikosa siku mbili anakufa. Hata mimi mwenyewe kabla ya swala, lazima."

"Kabla ya swala, sheikh?"

"Mara tano," akasema bila haya yoyote.

Jamani. Jamani. Hapo mtu mwenye akili angekaa chini akauliza. Mimi nikaona nimepelekwa katika kambi nzima ya walevi na sheikh wao, na kwamba mimi peke yangu binti wa Voi ndiye Mungu amenituma kuwaokoa, nikasahau mafumbo, nikasahau semina, nikashika chupa ya hewani nikaipeleka mdomoni, nikapepesuka kutoka upande wa kina mama mpaka upande wa wanaume huku nikipiga kwikwi, nikaenda kuangukia nguzo ya turubai, na kutoka pale kwenye nguzo nikamnyooshea baba Hamdi kidole (kidole!) nikapiga kelele:

"Pombe! Po! Pombe! Huyu baba ni mlevi, na nyinyi wote mnakunywa naye!"

Neno hilo walilijua. Hawakuhitaji sheikh.

Mama mmoja akasema "astaghfirullah" taratibu, halafu mwingine. Kutoka nyuma nikasikia kikombe kinawekwa chini, na sauti ya Mzee Bare, wala hakuipandisha.

"Mama Mkawasi, hawa wanasema maji. Huyu bwana ndiye anafungua bomba la maji."

Na wakati huo huo, nje ya turubai, mahali pale ambapo kila siku nilikuwa napafungia dirisha, mtungi mtupu ukaanguka ukagonga bomba: ngwaa! Nikageuka nikatazama. Nikatazama mabomba, foleni ya mitungi, injini ya kuvutia maji inayotapika dizeli. Asubuhi bombani, jioni bombani. Nguo inanuka, nafua. Yaani anafua, jamani, anafua tu nguo.

Wanaume walikuwa wameanza kusimama mmoja mmoja, wengine wananikemea kwa Kisomali, sauti juu ya sauti, na katikati ya kelele hizo nikamwona Hamdi anainuka. Nikajua sasa ataziba masikio, ataanza kulia, na mwalimu mkuu yuko pale anatazama, na nafasi yake imekwisha kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini Hamdi hakuziba masikio yake. Alipanda juu ya magoti ya baba yake, akaweka viganja vyake viwili juu ya masikio ya baba yake, akayaziba kwa nguvu zake zote, akanikazia macho.

Kelele zikakatika. Mama Hamdi akasimama, na mwanamke yule niliyemjua wa maneno manne akasema mengi, kwa Kisomali, na safari hii Mzee Bare alifasiri yote, neno kwa neno, bila kula hata moja. Kwamba darasa la Hamdi limepakana na bomba. Kwamba maji yakipungua, si kosa la mumewe, lakini kila asubuhi wanawake hawa hawa waliokaa hapa wanamwita mwizi, mbwa, mtoto wa haramu, na juzi mmoja alimpiga na mtungi. Kwamba mtoto anasikia kila neno akiwa darasani, na kwa kuwa yuko mbali na masikio ya baba yake, anaziba ya kwake. Mzee Bare akamalizia: "Anasema alikueleza, na ulilia, akadhani umeelewa."

Hakuna mwanamke aliyeinua uso. Yule wa mtungi moja alijifunika shungi mpaka machoni.

Nikaenda mbele ya baba Hamdi, miguu inakwenda huku na huku kama ya mlevi wa kweli, nikamwomba radhi kwa kila lugha niliyoijua, nyingine nikabuni. Aliitoa mikono ya mwanawe masikioni polepole, akaibusu, akanijibu kwa Kiswahili chake.

"Mama, kila siku natukanwa bombani. Leo nimetukanwa shuleni. Si mbaya. Hapa kuna kifuli."

Kivuli. V, F. Hiyo nilielewa. Watu walicheka, hata sheikh, na mimi nikalia pale pale nilipopiga magoti, na hayo ndiyo machozi pekee ya maana niliyotoa mwaka ule.

Hamdi alibaki shuleni. Si kwa hekima yangu. Mwalimu mkuu alimhamishia darasa la upande wa pili, na kina mama wa foleni, mmoja akianza kupandisha sauti, wenzake walimfinya wakimwonyesha shule. Shirika lilinisifu eti nimewakutanisha wazazi na kuwafanya waseme ya moyoni bila kuwaingilia. Nilipokea sifa hizo nimeinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Bado kidogo, sijamaliza. Siku moja nimekaa kwenye kile kijichumba, dirisha wazi, Hamdi akaingia mwenyewe bila kuitwa. Akasimama mbele yangu. Kumbe Kiswahili anakijua, muda wote ule nilikuwa nikiongea peke yangu na mtu anayenielewa.

"Dhegoole," akaniita.

"Naam, mwanangu. Dhegoole, mwenye masikio."

Akatikisa kichwa. "Si mwenye. Dhegoole ni mtu masikio yake haisikii." Akafikiri kidogo kama anayeogopa kuniumiza, maana ndivyo alivyo. "Ni kiziwi."

Kambi nzima! Na sheikh! Na mimi nimesimama mbele ya turubai nikapunga mkono, "Mimi ndiye kiziwi wenu!" Nikafungua mdomo nimweleze Hamdi kuhusu majina na hisia, na jinsi ambavyo… halafu nikaufunga. Nimeapa tangu siku hiyo, mtu akiniletea mtoto wake nauliza kwanza, na nikishauliza nanyamaza, na mkalimani akisema neno moja nalichukua hilo hilo moja nashukuru.

Hamdi alivuta kigoda akakaa. Tukakaa kimya wote wawili, dirisha wazi, mitungi inagongana huko nje. Baadaye sana akaanza kuzungumza.